Nyuzi Nne, Vikundi Vitatu

Kibonge chenyewe hakina mvuto. Ni plastiki ya akriliki yenye unene wa zaidi kidogo ya sentimita 4, kinakaa vizuri kwenye kiganja, na ndani yake kumepachikwa kipande cha nta. Katika nta hiyo mtengenezaji amefukia vitu 16: nyuzi 6 za nailoni, vikundi 5 vya chembe nyeupe, na vivimbe 5 vya duara. Kila aina imepangwa kutoka kikubwa kwenda kidogo. Uzi mnene kuliko wote una milimita 1.56, mwembamba kabisa 0.40. Chembe za kundi la mwisho zina milimita 0.16, idondoshe moja mezani na hutaiona tena. Plastiki na nta vimekadiriwa ili mionzi ipite humo kama inavyopita kwenye titi la wastani lililobanwa, nusu tezi na nusu mafuta. Wenye kazi yao hukiita fantomu. Ni titi la bandia ambalo siri zake zote zinajulikana.

Mkaguzi wa mashine ya mamografia, yaani eksirei ya matiti, hukiweka kibonge hiki pale ambapo mwanamke angewekwa, hukibana, hupiga picha moja, kisha huketi mbele ya skrini katika chumba kilichozimwa taa na kuanza kuhesabu. Anaanza na uzi mnene, anashuka. Uzi ukionekana wote, mahali pake, ukielekea upande wake, unapata alama moja. Ukionekana nusu, unapata nusu. Akifika kwenye uzi usioonekana anasimama hapo hapo. Hata kama anadhani anauona ule unaofuata, hana ruhusa ya kuuruka huu na kusonga mbele. Kila kundi lina chembe 6: zikionekana 4 au zaidi ni alama kamili, zikionekana 2 au 3 ni nusu. Kwa kipimo cha miaka mingi cha Chuo cha Radiolojia cha Marekani, mashine hufaulu ikionyesha walau nyuzi 4, vikundi 3 vya chembe na vivimbe 3. (Ipo fantomu mpya ya mashine za kidijitali yenye hesabu yake nyingine, lakini ufundi ni uleule.) Ikipungua hapo, hapimwi mtu.

Halafu kuna kanuni ninayoipenda kuliko zote. Akimaliza kuhesabu, mkaguzi anairudia picha na kuipekua upya, safari hii akitafuta nyuzi ambazo hakuna aliyezifukia: mkwaruzo, vumbi, kivuli kilichojinyoosha kikafanana na uzi. Akikiona, anakata alama. Mashine inaadhibiwa kwa kuona kisichokuwepo kama inavyoadhibiwa kwa kutoona kilichopo. Mwanamke aliyewahi kuambiwa kuna kitu kwenye titi lake, akakosa usingizi wiki tatu, akauza mbuzi apate nauli ya hospitali, na huko akaambiwa kumbe ni doa la kwenye picha, hahitaji kuelezwa kwa nini kanuni hiyo ipo.

Kazi hii ina ndugu yake sokoni. Mtu wa vipimo akija kukagua mizani ya muuza mchele huja na mawe yake mwenyewe, ambayo uzito wake anaujua. Hamuulizi mwenye duka kama mizani ni mizima, wala haangalii rangi yake. Anaweka jiwe, anasoma mshale. Tofauti ni kwamba mchele uliopunjwa utaujua ukifika nyumbani. Picha iliyopunjwa huijui. Inatoka safi, ya kijivu, ina kila dalili ya kuwa picha, na daktari anaandika kwamba hakuna tatizo. Mwanamke anarudi nyumbani na uhakika ambao hakustahili kupewa, na kivimbe kikianza kushikika miezi michache baadaye anajiambia kwamba alishapimwa. Ndiyo maana siwaelewi wanaosema kwamba kwa maskini chochote ni afadhali. Kwenye jambo hili chochote kinaweza kuwa kibaya kuliko hakuna.

Nauwazia ukaguzi huu kwa ajili ya Gatumba.

Gatumba iko magharibi ya Bujumbura, kwenye barabara inayokwenda mpaka wa Kongo. Ukimalizana na forodha unaingia Kavimvira, mbele kidogo ni Uvira. Rusizi inapita jirani kuelekea ziwani, na tambarare nzima ya Imbo ina joto ambalo watu wa milimani hulilalamikia wakishuka. Kirundi na Kiswahili cha Kongo hupokezana katika mazungumzo yale yale, kwa sababu biashara ya hapa imezoea kuvuka mpaka. Nje ya Burundi wengi wanalijua jina hili kwa msiba: tarehe 13 Agosti 2004 wakimbizi wa Kibanyamulenge zaidi ya 150 waliuawa usiku kambini hapa. Halafu yakaja maji. Tangu 2020 Rusizi imevunja kingo zake mara kwa mara, ziwa nalo limepanda, na mitaa kama Mushasha na Kinyinya imeonekana kwenye picha ikiwa na maji hadi madirishani. Maelfu ya watu walihamishiwa Maramvya, kwenye eneo linaloitwa Sobel, wakaishi humo kwenye mahema kwa miaka.

Ukisoma andiko lolote la mradi wa saratani ya matiti utawakuta wanawake wa mahali kama hapa chini ya maneno "jamii zisizofikiwa na huduma". Na jibu linalopendwa ni gari: basi au lori lenye mashine ya mamografia ndani, chumba kidogo cha kubadilishia nguo, jenereta, na utepe wa waridi ubavuni. Silidharau jibu hilo. Uingereza ilipoanza mpango wake wa taifa mwaka 1988 magari ya namna hii yalipewa nafasi kubwa, na hadi leo yanaegeshwa kwenye viwanja vya maduka makubwa, watu wanapima na kuendelea na manunuzi. Lakini mashine ya hospitali husimama mahali pamoja, na ya kwenye gari husafiri. Kila shimo la barabarani linaitikisa. Bamba la kubania linalegea kidogo, kioo kilicho karibu na bomba la mionzi kinasogea kwa unywele, na hakuna taa nyekundu inayowaka kusema hivyo.

Kwa hiyo sheria ya Marekani ya ubora wa mamografia, ya mwaka 1992, na kanuni zilizoifuata, ziliweka sharti ambalo nchi yoyote ingefanya vizuri kulichukua: gari likihama kituo, mashine ithibitishwe tena kabla ya mwanamke wa kwanza kupigwa picha. Kila linapohama, si mara moja kwa mwaka. Fikiria sharti hilo likitekelezwa Gatumba. Gari limefika saa mbili asubuhi. Wanawake wameshajipanga chini ya mwembe na watoto mgongoni, wengine wametoka mbali kwa miguu, mwenyekiti wa mtaa ameshatoa hotuba. Na ndani ya gari kuna mtu mmoja ambaye hajamwita yeyote, anahesabu nyuzi. Akipata 3 na nusu, siku imekwisha. Inataka moyo wa aina yake kufungua mlango na kuwaambia kina mama waliochomwa na jua, "Mama zangu, mtusamehe, leo hatupimi." Sifa za kazi hii husahaulika upesi kwa sababu matunda yake makubwa ni jambo ambalo halikutokea.

Joto la Imbo nalo lina faili lake. Mashine nyingi za kidijitali zina kipokezi cha picha chenye tabaka la seleniamu, madini yasiyopenda joto. Yakizidishiwa hubadilika umbile na kipokezi kinaharibika moja kwa moja. Kwa hiyo gari linahitaji umeme hata usiku likiwa limelala, ili kipoza hewa kisizimike. Mkaguzi anayejua kazi yake haulizi jenereta ina nguvu kiasi gani tu. Anauliza mafuta yatatoka wapi. Kwa Burundi ya miaka hii, ambapo madereva wamelala kwenye foleni za vituo vya mafuta, swali hilo pekee linaweza kuuangusha mradi uliopambwa vizuri kwenye karatasi.

Mambo mengine anayapitia haraka, kwa mpangilio wa mtu aliyekwisha kuyafanya mara nyingi. Nguvu ya kubana: bamba liweze kufikia walau nyutoni 111 na lisipite 200, yaani kama kilo 11 hadi 20, kwa sababu titi lisipobanwa vya kutosha tezi zinalaliana na kuficha, na likizidishiwa mwanamke hatarudi wala dada zake hawatakuja. Kipimo cha mionzi: titi la wastani lisipokee zaidi ya miligrei 3 kwa picha moja. Kuta za gari zizuie mionzi isiwafikie waliojipanga nje. Wafanyakazi wavae beji za kupima mionzi, na beji hizo zisomwe kweli, zisiwe mapambo.

Hapo karatasi ya mashine imekamilika, na mkaguzi wa kawaida angeondoka. Aliye bora anabaki aone mikono ya fundi wa eksirei, kwa kuwa mashine iliyofaulu mtihani inaweza kuharibiwa na mtu aliyeharakisha. Picha ya pembeni ya titi, inayopigwa kwa mshazari, ndiyo inayomtambulisha fundi. Msuli wa kifua uonekane ukishuka kutoka kwapani hadi usawa wa chuchu. Chuchu yenyewe itazame pembeni, isilale juu ya titi. Mkunjo wa chini ambapo titi linakutana na tumbo uwe umefunguka. Kisha unachorwa mstari kutoka kwenye chuchu hadi kwenye msuli na kupimwa, na mstari kama huo kwenye picha ya kutoka juu usipungue kwa zaidi ya sentimita moja. Ukipungua zaidi, kuna nyama ya nyuma iliyobaki nje ya picha, na saratani inaweza kujificha huko nyuma. Yote hayo hufanywa na mikono inayomgusa mwanamke asiyemjua, aliyevua nguo mbele ya mgeni pengine kwa mara ya kwanza maishani, huku sauti ikisema, "Mama, legeza bega. Nisogelee kidogo. Shusha kichwa huku. Usipumue… haya, pumua." Fundi mzuri anamaliza kabla mama hajaanza kuona aibu. Hilo halina alama kwenye fomu yoyote, lakini mkaguzi aliyesimama kwenye kona analiona.

Jicho la msomaji wa picha nalo linakaguliwa. Marekani inamtaka daktari asome mamografia zisizopungua 960 katika miezi 24 ili aendelee kuruhusiwa; Uingereza inataka 5,000 kwa mwaka, na kila picha isomwe na watu wawili. Namba hizo si urasimu. Katika uchunguzi wa watu wazima wa afya, picha zenye saratani ni chache mno kwa kila elfu moja, na jicho lisiloziona mara kwa mara hulala. Gari la Gatumba lingetuma picha mjini. Swali la mkaguzi ni fupi: kwa nani, na huyo anasoma ngapi kwa mwaka?

Nani basi ana haki ya kutia saini? Kwa majirani milango inajulikana. Tanzania ina Tume ya Nguvu za Atomiki, chini ya Sheria Na. 7 ya 2003. Uganda ina Baraza la Nguvu za Atomiki kwa sheria ya 2008. Kenya iliunda mamlaka yake ya nyuklia kwa sheria ya 2019, ikachukua nafasi ya bodi ya zamani ya kinga ya mionzi. Lakini viwango vya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, ambalo Burundi ni mwanachama wake tangu 2009, vinaongeza jambo ambalo wafadhili wengi hulipita. Mgonjwa akipigwa eksirei, daktari wake ndiye anayepima kama faida inazidi madhara. Wakiitwa watu wazima wasio na dalili yoyote wajipange chini ya mwembe, uamuzi huo si wa daktari mmoja tena, wala si wa mwenye gari. Ni wa mamlaka ya afya ya nchi, ikishauriana na vyama vya wataalamu. Kuna hekima kubwa hapo. Mgonjwa amekuja kuomba. Hawa tumewaita sisi. Anayemwita mtu aliyekuwa salama nyumbani kwake anabeba mzigo wa kueleza kwa nini amemwita.

Na mamlaka ikilichukulia swali hilo kwa uzito, inaweza kuishia kusema kwamba gari lisubiri. Shirika la Afya Duniani mwaka 2014 lilisema hivyo kwa namna yake: mahali ambapo mfumo wa afya ni dhaifu, kupima umma kwa mamografia hakushauriwi, na kupima matiti kwa mikono ya mhudumu aliyefundishwa kunaonekana kuwa njia ya matumaini. Ushahidi mkubwa zaidi ulikuja baadaye kutoka Mumbai. Hospitali ya Tata Memorial ilianza mwaka 1998 kuwafuatilia wanawake zaidi ya 151,000 wa miaka 35 hadi 64, nusu yao wakipimwa kwa vidole kila baada ya miaka miwili, na matokeo ya miaka 20 yakachapishwa 2021. Uvimbe uligunduliwa mapema zaidi, na kwa waliotimiza miaka 50 vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Kwa walio chini ya hapo vifo havikupungua, na hilo lisifichwe, maana wanawake wa Burundi wengi ni vijana. Sudan, katika jimbo la Gezira, wanawake wa kujitolea wa vijijini walifundishwa kazi hiyo na kuwapima majirani zao zaidi ya 10,000. Jirani kabisa, wilaya ya Burera kaskazini mwa Rwanda, wauguzi wa vituo vya afya walianza kufundishwa mwaka 2015 kwa kushirikiana na hospitali ya Butaro.

Waliopima hawakuwa madaktari bingwa. Burundi ina wauguzi wa vituo vya afya na ina abaremeshakiyago, wahudumu wa jamii wanaojulikana mlango kwa mlango. Lakini vidole navyo vinahitaji kibali, na kwa hili pia kuna titi la bandia: la silikoni, lenye vivimbe vya ukubwa na ugumu mbalimbali vilivyofukiwa kwa vina tofauti. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walianza kuyatumia matiti hayo miaka ya 1970, wakagundua kwamba kidole hufundishika kama sikio la mpiga zeze. Unatumia nyama za vidole vitatu vya kati, si ncha. Unazungusha duara dogo kwa mikandamizo mitatu, ya juu juu, ya kati na ya kufika kwenye mbavu, kisha unasogea upana wa kidole kimoja. Unapanda na kushuka kwa mistari iliyonyooka kutoka kwapani hadi kwenye mfupa wa kifua, bila kuruka. Titi moja likipimwa vizuri linachukua dakika kadhaa, na ukiona mtu amemaliza kwa nusu dakika, hajapima.

Ujerumani wameufikisha ufundi huu mbali kuliko nilivyotarajia. Frank Hoffmann, daktari wa wanawake wa Duisburg, aliwaza kwamba watu ambao vidole vyao vimezoea kusoma ulimwengu ndio wangefaa zaidi, akaanzisha mafunzo kwa wanawake wasioona. Wanasoma miezi tisa. Wanapopima hubandika kifuani tepu zenye alama za kugusa, ili wakikuta kitu waweze kumtajia daktari mahali pake kwa sentimita. Mtihani wao ni wa kweli.

Iwe mashine au vidole, faili lina ukurasa wa mwisho, na huo ndio unaonikosesha subira na miradi. Mpango wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unataka mwanamke mwenye dalili apate jibu kamili ndani ya siku 60, na walau asilimia 80 ya wanaougua wamalize matibabu. Mama wa Mushasha akikutwa na kivimbe Jumatatu, anachomwa sindano ya kuchukua kinyama wapi? Kinasomwa na nani? Akihitaji mionzi, kwa miaka mingi Mrundi amelazimika kuvuka mpaka kuitafuta. Rwanda imekuwa na kituo cha saratani Butaro tangu 2012 na tiba ya mionzi Kigali tangu 2019, lakini Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda. Mkaguzi hawezi kuufungua mpaka, ila anaweza kumuuliza mwenye gari amepanga nini, na asikubali jibu la "tutawapa rufaa".

Kama ningeombwa rai, ningetaka leseni ya gari la Gatumba iwe na mstari usiohusu mionzi kabisa: jina la mtu aliye hospitalini Bujumbura atakayewapokea watakaokutwa na kitu, namba yake ya simu, na siku zake za kazi. Mkaguzi aipige namba hiyo mwenyewe, kwa simu yake, kabla ya kufungua sanduku la fantomu. Isipopokelewa, gari halina haja ya kuondoka gereji.